Gunia la kilo 50 Mombasa limekuwa kilo 47 Nairobi: ni mvutano wa dunia au nimepigwa?

#1 Mabuyu wa Umoja
Habari wadau. Napika mabuyu hapa Umoja na mbegu hunijia kwa basi kutoka Mombasa. Safari hii nimelipia kilo 50, muuzaji akanitumia na picha ya mizani, mshale umesimama kwenye hamsini. Gunia limefika limeshonwa vizuri, halina tundu. Kulipima hapa: 47. Nikampigia simu, naye kwa upole kabisa akaniambia, "Dadangu, huko kwenu ni juu, mvutano wa dunia hupungua. Kila kitu kikipanda huko huwa chepesi." Kijana wangu yuko kidato cha pili, anasema ni kweli wamefundishwa. Nauliza wenye kujua: mlima unaweza kula kilo 3?

#2 Kinyozi Kayole
Umepigwa. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu wa Zamu
Usifungwe bado. Kijana wako yuko sawa na muuzaji pia yuko sawa, ila hakuna aliyeweka namba. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukipanda kiasi hicho, mvutano unapungua kama 0.005 kutoka 9.78 (mita kwa sekunde mraba). Gawa, zidisha kwa kilo 50: unapata kama gramu 26. Hiyo ni konzi ndogo ya mabuyu.

Ili upoteze kilo 3 kati ya 50, mvutano lazima ushuke kwa asilimia 6. Hapo ungelazimika kwenda kilomita 200 juu. Kile Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400, kwa hiyo gunia lako lingekuwa limefika nusu ya njia.

#4 Dere wa Usiku
Basi la kwenda kilomita 200 juu linapakia wapi? Machakos Airport?

#5 Kinyozi Kayole
@Dere 😂😂 na kondakta anasema "wawili tu tunatoka".

#6 Nyuzi Tisini
Mwalimu amesahau hewa. Hewa huinua kila kitu kilichomo ndani yake. Gunia la kilo 50 lina ujazo wa lita 50 au zaidi, na hewa ya Mombasa ni nzito kuliko ya huku. Ukihesabu, Mombasa gunia linainuliwa zaidi ya linavyoinuliwa Nairobi, tofauti ni gramu 8 au 9. Maana yake hewa ya Nairobi inalifanya gunia liwe zito kidogo. Toa kwenye zile 26, zinabaki 17 au 18.

#7 Mabuyu wa Umoja
Asanteni. Kwa hiyo hasara yangu inazidi kuwa na maswali badala ya kupungua.

#8 Fundi Mizani
Mama, kabla ya hesabu za anga, tuambie mizani zilikuwa za aina gani. Mizani ya mawe ni kitu kingine kabisa. Ile unalinganisha mzigo na mawe, na mvutano ukipungua unapunguza pande zote mbili, kwa hiyo ukiipeleka Mombasa, Limuru au mwezini inasema kitu kilekile. Ya springi na ya dijitali hupima nguvu.

#9 Mabuyu wa Umoja
@Fundi Mizani ya Mombasa ni ya kuning'inia, ya uso wa duara kama saa, mwisho wake kilo 100. Ya hapa ni ya dijitali ya kuweka chini, ya pale tunapochukulia mizigo, iko kwenye veranda karibu na mlango.

#10 Nyuzi Tisini
Dijitali haina springi. Inapima masi moja kwa moja.

#11 Fundi Mizani
@Nyuzi Tisini hapana. Nimezifungua nyingi. Ndani kuna kipande cha chuma au alumini kinachopinda kidogo sana, na juu yake kimebandikwa waya mwembamba ambao ukinzani wake wa umeme unabadilika kikipinda. Kinachopinda kinapinda kwa nguvu. Mashine inasoma nguvu halafu inaandika kilo kwa sababu iliambiwa hivyo siku iliyorekebishwa.

Na hapa ndipo namkosoa Mwalimu kidogo. Mizani halali ya biashara hukaguliwa na maafisa wa vipimo na mizani kwa mawe ya kukagulia, palepale inapotumika, kisha inapigwa muhuri. Ya Mombasa ikirekebishwa Mombasa na ya Nairobi ikirekebishwa Nairobi, kila moja imeshazoea mvutano wa kwake. Jiwe la kilo 20 litasoma 20 pande zote. Hizo gramu 26 hazipo kabisa. Zingekuwepo kama mama angepanda basi na mizani ileile moja mkononi.

Sasa niwaambie magonjwa ya mizani ya kuning'inia, kwa sababu ndiyo ninayoishuku. La kwanza ni sifuri. Mtu anatundika gunia bila kuangalia mshale ulianzia wapi. Ukianzia kwenye moja, kila mzigo umeongezwa kilo moja. La pili, springi iliyowahi kutundikiwa mzigo kupita uwezo wake hairudi ilivyokuwa. Wengi wanafikiri mizani iliyochoka inasoma pungufu. Kinyume chake, springi ikilegea inavutika zaidi kwa mzigo uleule, mshale unakimbia mbele, mnunuzi anaumia. La tatu ni joto. Springi ya chuma hulegea karibu robo ya asilimia kwa kila nyuzi 10 za joto. Kwa kilo 50 hiyo ni gramu 125, yaani mara 4 au 5 ya mlima wenu, na bado hamjaitaja. Mizani nzuri zimetengenezwa kufidia joto. Zile za bei ya chini sina uhakika nazo.

#12 Mwalimu wa Zamu
Naikubali hiyo ya kurekebishwa palepale. Hesabu yangu ni ya mizani moja inayosafiri. Lakini muhuri unahitaji mtu aende kuutafuta, Fundi. Ni mizani ngapi mtaani kwako zina muhuri wa mwaka huu?

#13 Fundi Mizani
😶

#14 Bint Likoni
Assalaam aleikum. Naona watu wa bara mwatutia wizini mchana kweupe. Kuna kitu kinaitwa unyevu. Huku Mombasa ukianika kanga asubuhi jioni bado yakupa baridi. Buyu lina ule unga mweupe, unanyonya maji ya hewani kuliko sukari. Mbegu zimekaa stoo Mombasa, zimeshiba unyevu, zimepanda Nairobi kwenye upepo mkavu, zimekauka. Muuzaji kakosea sababu, lakini kosa la kupima huenda hana.

#15 Stoo ya Nafaka
Nafanya kazi ya kupokea mahindi kwa hiyo unyevu naujua. Chukulia mbegu zilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Kati ya kilo 50, maji ni 7.5 na kitu kikavu ni 42.5. Gunia likifika 47, kile kikavu hakijabadilika, maji yamebaki 4.5. Hiyo ni asilimia 9.6. Sasa kutoka 15 mpaka chini ya 10 ndani ya gunia lililoshonwa, usiku mmoja kwenye buti la basi? Mimi nikianika mahindi kwenye jua kali, nayageuza, bado huchukua siku kadhaa.

#16 Bint Likoni
@Stoo ya Nafaka nani kasema usiku mmoja? Muulize mama gunia limekaa siku ngapi kabla ya kupimwa.

#17 Mabuyu wa Umoja
Lilifika Jumanne, nikalichukua Ijumaa. Lilikuwa limewekwa kwenye veranda hiyohiyo.

#18 Bint Likoni
Haya.

#19 Kinyozi Kayole
Siku tatu verandani na hakuna aliyechovya mkono? Nairobi hii?

#20 Mabuyu wa Umoja
Uzi wa kushonea ni uleule wa bluu, na fundo ni lilelile la kwenye picha.

#21 Kosaini
Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanafunzi tu lakini hamjagusa mwelekeo. Mizani ya kuweka chini inasoma ile nguvu inayoigonga wima kwa uso wake. Kama veranda imeinama, uzito wa gunia unagawanyika mara mbili: sehemu inakandamiza mizani na sehemu inavuta kuelekea bondeni. Mizani inaona ile ya kwanza tu, yaani uzito mara kosaini ya mwinamo. Sasa tafuteni kosaini ya nyuzi 20. Ni 0.94. Zidisha kwa 50.

Ni 47!!!

#22 Dere wa Usiku
Mtoto amemaliza kesi. Wakili apewe chai.

#23 Fundi Mizani
Jina lako linafanana na jibu lako kijana, na hesabu ni safi. Tatizo ni veranda. Nyuzi 20 si mwinamo wa kukosa kuuona. Mizani yenye urefu wa sentimita 50, upande mmoja lazima uwe juu ya mwingine kwa sentimita 17. Chukua jiwe la ujenzi la inchi 6, lile la ukuta wa ndani, lisukume chini ya upande mmoja: hata hilo halifikishi. Na gunia lingeanza kuteleza. Mwinamo wa kawaida wa veranda wa kuondoa maji ya mvua ni mdogo sana. Hata ukiuweka nyuzi 5, kosaini ni 0.996, umepoteza gramu 190 hivi.

#24 Kosaini
Gramu 190 bado ni mara 7 ya mlima.

#25 Mwalimu wa Zamu
@Kosaini sijui unasoma shule gani lakini mwalimu wako apandishwe cheo.

Tuendelee na mwelekeo basi, maana upande wa Mombasa unatupa kitu kilekile kwa kugeuza. Gunia likining'inia, kamba iko wima, mizani inasoma uzito wake. Mtu akilisukuma kando, kamba ikalala kutoka wima, sasa kamba inabeba vitu viwili: uzito kwenda chini na msukumo kwenda kando. Vekta hizo mbili ukiziunganisha jumla inazidi uzito. Kamba ikilala nyuzi 20, gunia la kilo 47 linasoma 50. Namba ileile ya kijana, mji mwingine. Kwa hiyo inawezekana gunia halijawahi kuwa 50. Lilikuwa 47 tangu mwanzo na mtu aliliegemeza kwenye goti wakati wa picha.

#26 Kuli Mstaafu
Mwalimu mimi nimebeba magunia Marikiti miaka mingi. Ili ulilaze gunia la kilo 47 nyuzi 20 utasukuma kwa nguvu gani?

#27 Mwalimu wa Zamu
Tanjenti ya 20 ni 0.36. Kama kilo 17.

#28 Kuli Mstaafu
Sasa kilo 17 za kando, hilo si goti, hiyo ni mieleka. Mwizi mwenye akili atasukuma kando kwa kilo 17 kwa nini, na kuvuta chini kwa kilo 3 kunamtosha? Kidole cha mguu kwenye sikio la gunia, basi. Hakuna kamba kulala, hakuna picha kuharibika.

#29 Nyuzi Tisini
Huyu mzee ametufundisha vekta kuliko sisi wote.

#30 Kuli Mstaafu
Vekta ndiyo nini sasa. Mimi najua tu kwamba mkibeba gunia watu wawili, kila mmoja na masikio yake, msogeleane. Mkiachana sana mikono inakatika.

#31 Kosaini
Ndiyo hiyo hiyo mzee! Mikono ikiwa wima kila mmoja anabeba nusu, kilo 25. Mkiachana mpaka kila mkono uwe nyuzi 60 kutoka wima, kila mmoja anavuta kama kilo 50 nzima. Nguvu zenu za kando zinapigana zenyewe kwa zenyewe, hazibebi kitu.

#32 Kuli Mstaafu
Na bado mlikuwa mnatulipa kwa gunia.

#33 Bint Likoni
Mnamwaza mtu mwizi tu. Huku wazee bado wahesabu kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35 au 36, yaani kama kilo 16. Frasila 3 za ratili 35 ni kilo 47 na nusu. Mtu akisema "frasila tatu, sawa na hamsini hivi", hajaiba. Kakadiria.

#34 Fundi Mizani
Ingekuwa hivyo mshale ungesimama kwenye 47 na nusu. Yeye ametuma picha ya 50.

#35 Nyuzi Tisini
Ila ratili na kilo zimewahi kufanya makubwa. Mwaka 1983 ndege ya abiria Kanada iliishiwa mafuta angani kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo, wakajaza chini ya nusu ya yaliyohitajika. Rubani akaishusha ikielea tu hewani, injini zimezimika, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi mji wa Gimli. Watu walipona.

#36 Dere wa Usiku
Nilisikia kilo yenyewe ilibadilishwa. Kweli ama ni za mtandao?

#37 Mwalimu wa Zamu
Kweli, 20 Mei 2019. Zamani kilo ilikuwa silinda moja ya platinamu na iridiamu inayohifadhiwa karibu na Paris, na kilo zote za dunia zilikuwa watoto wake. Shida ni kwamba baada ya miaka mia hivi, silinda na nakala zake zilikuwa zimetofautiana kwa kama mikrogramu 50. Sasa kilo inatokana na namba isiyobadilika ya fizikia, inaitwa namba ya Planck. Mabuyu ya mama hayakuguswa na mabadiliko hayo.

#38 Ploti Safi
Mnalilia asilimia 6 ya mabuyu na mmenunua ploti za hamsini kwa mia mkiambiwa ni moja ya nane ya ekari. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000. Ekari ni 43,560, gawa kwa 8 upate 5,445. Ploti zenu zimepungua asilimia 8 na hakuna aliyefungua uzi.

#39 Kinyozi Kayole
Ploti Safi tafadhali, kuna watu hapa wana shinikizo la damu.

#40 Stoo ya Nafaka
Zile zilizobaki si zimeenda barabara ya kuingilia?

#41 Ploti Safi
Kwenye ramani ya mpima ardhi ndiyo. Kwenye tangazo hawakuandika. Angalia cheti chako, kimeandikwa kwa hekta, na watu wengi hawabadilishi.

#42 Fundi Mizani
Turudi. Mama, weka ile picha.

#43 Mabuyu wa Umoja
[picha]

#44 Nyuzi Tisini
Imepigwa kutoka chini. Mshale uko mbele ya uso, si umesogea kwa macho ya kamera? Hapo ndipo kilo 3 zilipo.

#45 Fundi Mizani
Angalia vizuri. Mizani ya kilo 100, hamsini iko chini kabisa, pale saa inapoandika 6. Mshale umesimama wima. Ukiinama ukapiga kutoka chini, mshale unaonekana mrefu au mfupi, lakini hausogei kushoto wala kulia. Cha kuangalia ni ubavu. Na kwenye hii picha naona ubavu wa kulia wa bati la mizani, lile lenye kutu. Mpigaji alisimama kulia. Akiwa kulia, mshale unaonekana umesogea kushoto, na kwenye nusu ya chini ya mizani kushoto ndiko namba zinakopanda. Kwa hiyo picha inaongeza. Kiasi gani? Uso wa upana wa sentimita 20, kila kilo ina nafasi ya milimita 6 hivi. Mshale ukiwa sentimita moja mbele ya uso na kamera nyuzi 30 kando, umepata kama kilo moja. Si tatu.

#46 Bint Likoni
Yaani mtu akisimama kulia kashakuwa mwizi. Pengine kushoto kulikuwa na ukuta.

#47 Kosaini
Na picha ni ya gunia na mbegu pamoja, au mbegu peke yake? Gunia la katani linakaribia kilo.

#48 Mabuyu wa Umoja
Pamoja. Hapa pia nimepima pamoja, kwa hiyo hiyo haibadilishi. Lakini nina habari. Leo nimelipeleka kwa jirani wa duka la nafaka mwenye mizani ya mawe. 48 na nusu.

#49 Dere wa Usiku
Linaongezeka! Likae wiki nyingine lifike hamsini.

#50 Bint Likoni
Nairobi imenyesha juzi. Mie nimenyamaza.

#51 Stoo ya Nafaka
Kilo moja na nusu ya maji kutoka hewani, kwa siku mbili tatu? Hapana.

#52 Kuli Mstaafu
Pale verandani gunia lilisimama ama lilikuwa limeegemea mwimo wa mlango? Umesema mizani iko karibu na mlango. Gunia refu likipumzika kwenye mwimo, mwimo unabeba sehemu na mizani haina habari.

#53 Mabuyu wa Umoja
Liliegemea kidogo. Lisingeweza kusimama lenyewe.

#54 Fundi Mizani
Basi 47 nayo haina heshima. Namba pekee ninayoiheshimu ni ya mizani ya mawe, na hata hiyo nitataka kuona mawe yenyewe, mengine yamechimbwa ile risasi (madini mazito) iliyojazwa kwa chini, yakawa mepesi. Ukiagiza tena, mwambie muuzaji atundike kwanza mtungi wa maji wa lita 20 na akutumie picha kutoka mbele, halafu gunia. Lita 20 za maji ni kilo 20, ongeza mtungi wenyewe kama kilo moja.

#55 Nyuzi Tisini
Mtungi wa lita 20 ukijazwa mpaka mdomoni huzidi 20. Apime kwa chupa za lita moja.

#56 Mwalimu wa Zamu
Nani atamwambia mfanyabiashara wa Mombasa apime chupa 20 kabla ya kukuuzia?

#57 Ploti Safi
Mama, hayo mabuyu unauzaje? Kwa kilo?

#58 Mabuyu wa Umoja
Pakiti ya shilingi 10. Napima kwa kijiko.

#59 Kinyozi Kayole
Kijiko cha saizi gani?